Fedha Ikiugua, Nani Anywe Dawa?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya swali waliloniuliza wanafunzi wa darasa la mwisho, tulipokuwa tukisoma habari za nchi yetu baada ya uhuru. Nilikuwa nimewaambia ya kwamba tarehe 24 Juni 1967 serikali ilitoa fedha mpya iliyoitwa zaire, na ya kwamba zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Kijana mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, hizo dola mbili zilikwenda wapi?" Wenzake wakacheka. Walakini swali lake ni zito kuliko walivyodhani. Mtu akiuliza fedha ilikwenda wapi, auliza pia ilitoka mfukoni mwa nani, ikaingia mfukoni mwa nani. Nchi ikipatwa na upungufu wa fedha, watu wote huambiwa wafunge mkanda. Je, ni tumbo la nani hasa linalofungwa?

Kwanza yatupasa kujua ugonjwa ulitoka wapi. Tangu mwaka 1928, njia ya reli ya B.C.K. ilipofika Port-Francqui, mji ambao leo waitwa Ilebo, sisi watu wa Kamina tumeona shaba ya Katanga ikipita mbele ya macho yetu kwenda ng'ambo. Nchi yetu ilijizoeza kula kwa mkono mmoja tu, nao ni mkono wa shaba. Mwaka 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya shaba ilipanda sana huko London, na wakubwa wa Kinshasa wakadhani itapanda siku zote. Wakakopa fedha nyingi katika benki za Ulaya na Marekani, wakajenga majumba, wakaanza kuvuta nyaya za umeme toka Inga mpaka Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi, nyaya ambazo mpaka leo zapita juu ya vijiji vingi pasipo kuvipa hata taa moja. Kabla mwaka 1974 haujaisha, bei ya shaba ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Mafuta ya petroli nayo yalikuwa yamepanda mara nne. Mwezi wa Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kupeleka shaba baharini. Mapato yakapungua, madeni yakabaki palepale.

Sasa, kabla ya mambo hayo, kulikuwa na tendo lililosemwa kuwa ni kwa faida ya mnyonge. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa wenyeji. Katika miji yetu ya Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, wageni hao walikuwa hasa Wagiriki, Wareno na Wabelgiji. Watu wengi walishangilia, wala hatuwezi kuwalaumu, maana mwenye kuuza chumvi na vitambaa kwa miaka 40 pasipo kumruhusu Mwafrika kukaa nyuma ya meza yake hawezi kutegemea kuliliwa machozi. Lakini maduka yale yalipewa nani? Hayakuwa ya kijiji, wala ya chama cha wafanya kazi, wala ya wale vijana waliokuwa wakipima sukari humo na kujua hesabu zake. Yalipewa wakubwa wa chama na serikali, ndugu zao na rafiki zao. Rais mwenyewe alijipatia mashamba makubwa, yakaunganishwa katika kompani iliyoitwa CELZA. Wenye kupewa wengi waliuza mali iliyokuwamo, wakanunua magari, wakafunga mlango. Mwisho wa 1974 serikali ikajaribu kuyatwaa tena mengine kwa jina la mapinduzi makali zaidi. Na kufika 1976 wageni walikuwa wakiitwa warudi. Jina lilikuwa la haki, na kazi ilikuwa ya kugawana nyara.

Hapa lazima niwaeleze wanafunzi neno moja, kwa sababu wamelikuta magazetini: siasa ya mrengo wa kushoto. Wengine, wakikumbuka mbuzi wa Injili waliowekwa upande wa kushoto, hudhani ni siasa ya waliolaaniwa! Sivyo. Neno hili latoka Ufaransa, mwaka 1789. Katika baraza la taifa, waliotaka mfalme abaki na nguvu walikaa mkono wa kuume wa mwenye kiti, na waliotaka nguvu hizo zipunguzwe walikaa mkono wake wa kushoto. Baadaye jina la kushoto likawashika wote watakao mali ya nchi igawanywe kwa usawa zaidi, wafanya kazi walindwe, na mambo makubwa kama benki na migodi yawe ya watu wote. Ndani yake mna watu wa namna nyingi, wapole na wakali, wanaomwamini Mungu na wasiomwamini. Kwa hiyo kusema tu fulani ni wa kushoto hakutoshi. Yafaa kutazama afanya nini siku ile sanduku la fedha la nchi linapokuwa tupu.

Na jirani zetu wa karibu walionyesha. Toka hapa Kamina reli yaenda Kabalo mpaka Kalemie. Ukivuka ziwa Tanganyika wafika Kigoma, na kule reli nyingine yakupeleka hata Dar es Salaam. Huko Tanzania kulikuwa na mwalimu mwenzetu, Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule za misioni Tabora na Pugu kabla ya kuwa rais. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, wakinung'unikia sheria ya kutumikia taifa kwa malipo madogo. Nyerere aliwafukuza karibu 400. Pengine utasema alikuwa mkali mno, na mimi nitakubali. Lakini siku ileile alipunguza mshahara wake mwenyewe sehemu 20 katika kila 100, akasema ya kwamba mishahara ya wakubwa wa nchi ilikuwa mikubwa kupita kiasi. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa, kisha viwanda na mashamba kadhaa. Pamoja na hayo kukawa na masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kompani yo yote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena si maneno matupu. Nyerere alipopiga hesabu ya miaka 10 mwaka 1977, alieleza ya kwamba wakati wa uhuru mkubwa wa serikali alibakiwa na mapato mara 50 kuliko mdogo baada ya kodi, na ya kwamba tofauti hiyo ilikuwa imeshuka mpaka mara 9 hivi.

Msidhani basi ya kwamba Tanzania ilipona. Ugonjwa wa fedha uliingia na kule. Ukame wa 1973 na 1974, bei ya petroli, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977, kisha Idi Amin akaivamia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, na vita vikala fedha zote zilizobaki. Mwaka 1979 watu wa Shirika la Fedha la Kimataifa walikuja na dawa yao: shusheni thamani ya shilingi, zuieni mishahara isipande, punguzeni fedha za serikali zinazosaidia bei ya chakula, fungueni mlango kwa bidhaa za nje. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona heri kukubaliana. Nyerere akakataa, na Mtei akajiuzulu. Siku za mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Nyerere aliuliza tangu lini shirika lile limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Hoja yake ilikuwa hii: mkulima wa Tanzania hakupandisha bei ya petroli, hakuleta ukame, hakumwita Amin, kwa nini basi dawa chungu ianzie kinywani mwake?

Nami nasema hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Walakini kuwa na hoja ya kweli hakujazi duka. Toka 1980 mpaka 1984 sabuni, sukari, mafuta ya taa na vitambaa vilikuwa vitu vya kutafutwa kama dhahabu. Watu walipanga mistari mirefu. Serikali ilikuwa na makosa yake ya ndani, nayo hayakuletwa na Shirika la Fedha. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa kwenda vijiji vipya, wengi kwa nguvu, na wengine nyumba zao zilichomwa moto wasirudi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima, ambavyo wakulima wenyewe walivijenga tangu siku za Waingereza, vilivunjwa kwa amri, mahali pao pakashikwa na mashirika ya serikali yaliyochelewa kulipa na kupoteza mazao. Hili kwangu ndilo kosa kubwa kupita yote. Siasa isemayo mnyonge awe na nguvu ilimnyang'anya mnyonge chombo kile kimoja alichokiunda kwa mikono yake.

Kisha ikaja ile habari ya wahujumu uchumi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliamuru wenye kuficha bidhaa na kufanya magendo wakamatwe. Wengi walifurahi, maana kweli walikuwako matajiri waliokuwa na ghala zilizojaa huku watoto wakikosa sabuni. Lakini mahakama maalumu iliyowekwa haikuruhusu mawakili, na katika wavu ule walinaswa pia wachuuzi wadogo wenye mifuko michache. Watu waliogopa hata wakatupa mali porini na mitoni. Sokoine alikufa katika ajali ya gari huko Dakawa, karibu na Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, na Watanzania wengi wamlilia mpaka leo, kwa sababu walimwona ni mtu asiyejitajirisha. Mwaka uleule serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha za kigeni kuleta bidhaa pasipo kuulizwa fedha zilitoka wapi. Mwaka 1985 Nyerere akaondoka madarakani kwa hiari yake, jambo lisilo la kawaida katika Afrika ya siku zile. Mwaka 1986 Rais Ali Hassan Mwinyi alitia sahihi pamoja na Shirika la Fedha, na dola moja ikatoka shilingi 17 hivi, ikafika 40.

Basi, alishindwa? Kwa fedha, ndiyo, alishindwa. Lakini mizani ina sahani mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wazima karibu 8 kwa kila 10 wa Tanzania walijua kusoma na kuandika. Nchi ilipofungua mlango wa biashara, ilifungua ikiwa nchi moja, yenye watu ambao hawakuwa wakichukiana kwa ajili ya kabila. Shikeni jambo hilo, nitalirudia sasa hivi.

Tugeuke tutazame kwetu. Zaire haikulikataa Shirika la Fedha. Ilipokea dawa mara nyingi, tangu 1976, na kila mara kikombe kilipitishwa chini mpaka kwa mdogo. Mwaka 1978 Shirika lilimleta mwenye benki wa Kijerumani, Erwin Blumenthal, akae katika Benki ya Zaire. Alijaribu kuzifungia mikopo kompani za wakubwa kadhaa, na kabla mwaka wa pili haujaisha akaondoka. Katika taarifa yake ya 1982 aliwaambia wenye kukopesha ya kwamba hawatalipwa, kwa kuwa fedha huliwa juu. Wakasoma, wakaendelea kukopesha, maana Mobutu alikuwa rafiki yao katika ugomvi wa mataifa makubwa. Siku ya Noeli 1979 ilitangazwa ya kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena, na ya kwamba watu wazibadili kwa siku chache tu, tena kwa kiasi kilichopimwa. Fikirini: mwezi wa Desemba, mvua inanyesha, barabara ni matope, na mkulima wa Kabongo au Malemba-Nkulu ameweka bei ya mahindi na samaki wake katika sanduku la nyumbani. Benki iko wapi? Mtu wa Kinshasa mwenye rafiki dirishani alibadili. Mkulima alibaki na karatasi za kuwashia moto. Mwezi wa Septemba 1983 zaire ikashushwa tena, ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kwa siku moja, na baadaye waalimu maelfu na maelfu wakaachishwa kazi ili hesabu za serikali zikae sawa.

Mtu aliyepoteza yote huwa mwepesi wa kudanganywa. Mwaka 1991 pale Kinshasa palizuka michezo ya fedha, uliojulikana zaidi ukiitwa Bindo, ulioahidi kuizidisha fedha ya mtu mara nyingi kwa majuma machache. Watumishi wa serikali na wajane waliweka humo kila walicho nacho, na kabla mwaka haujaisha ukaanguka. Mwezi wa Septemba mwaka ule askari wasiolipwa wakaanza kupora mjini, na raia wakafuata. Januari 1993 serikali ikatoa noti ya zaire milioni 5. Wachuuzi walikataa kuipokea, askari waliolipwa kwayo wakapora tena, na watu wengi waliuawa. Mwaka 1994 bei zilipanda kupita 9,000 kwa mia. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka huo ilitoa karibu tani 30,000. Ndiko zilikokwenda zile dola mbili.

Kuna jambo lingine, na watu wa Kamina wenye umri walijua kwa macho. Kati ya 1992 na 1994, kazi zilipokwisha migodini, hapakutokea mtu wa kuwaambia wafanya kazi: twendeni tukadai hesabu kwa wale waliokula. Walitokea viongozi waliowaambia: jirani yako wa Kasai amekaa katika nafasi yako. Ndipo watu mamia ya maelfu, wengi wao waliozaliwa Likasi na Kolwezi, wakafukuzwa nyumbani mwao. Walilala majuma na miezi kwenye stesheni wakingoja gari-moshi, watoto wakafa kwa kuhara na surua, na magari yale yaliyojaa mpaka juu ya paa yalipita hapa Kamina kwenda Mwene-Ditu. Bukari ilikuwa haitoshi kwa Mluba wa Katanga wala kwa Mluba wa Kasai, na aliyeifanya isitoshe hakuwamo katika gari lile. Nikiwasikia vijana wakisema ya kwamba habari za usawa wa mali ni maneno ya wasomi, huwakumbusha stesheni ile. Mahali ambapo mnyonge hafundishwi kutazama juu, hutazama pembeni, na akimwona mwenzake humpiga.

Msidhani ni Waafrika tu wanaopatwa na mambo hayo. Nchi ya Wagiriki, walewale waliokuwa na maduka kwetu, ilianguka katika madeni baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Pensheni zilikatwa, vijana wakakosa kazi. Januari 2015 walichagua chama cha mrengo wa kushoto kiitwacho Syriza, na mkuu wake Alexis Tsipras aliahidi kukataa masharti. Tarehe 5 Julai wananchi waliulizwa; zaidi ya 61 kwa mia wakasema hapana. Wakati huo mabenki yalikuwa yamefungwa, kila mtu akiruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. (Najua, baadhi yenu wanatabasamu: euro 60 kwa siku!) Hata juma mbili hazikupita, serikali ileile ikakubali masharti. Nyerere alivumilia miaka sita, Tsipras siku nane. Mwenye ufunguo wa sanduku aliwashinda wote wawili.

Na leo? Mwaka 2016 na 2017, baada ya bei ya shaba kulala, dola ilitoka franka 930 hivi, ikafika karibu 1,600. Mwalimu aliyelipwa kwa franka alinunua saruji na kulipa kodi ya nyumba kwa bei iliyofuata dola. Mwezi wa Machi 2018 ilitoka sheria mpya ya migodi, ambayo makampuni makubwa yalikwenda mpaka Kinshasa kuipinga na hayakufaulu. Iliongeza ushuru wa madini, na madini yanayotajwa kuwa ya pekee, kama kobalti, hutozwa 10 kwa mia. Katika ushuru huo serikali kuu yachukua nusu, jimbo robo, wilaya na mitaa yenye machimbo 15 kwa mia, na 10 zinazobaki huwekwa kwa ajili ya watoto watakaozaliwa. Imeandikwa vizuri. Wazazi wenye watoto shuleni, na ninyi wanafunzi mnaojua kusoma Kifaransa, nendeni mkaulize kwa adabu katika ofisi za mitaa yenu: fungu letu la mwaka jana lilikuwa kiasi gani, nalo limejenga nini? Swali hili halihitaji chama wala bendera, na mwenye kuulizwa na watu 50 kwa siku moja hujibu upesi kuliko mwenye kuulizwa na mmoja.

Barua zenu kuhusu likelemba nimezipokea, zikiwamo mbili za akina mama wa soko walioniandikia wanavyoweka daftari la fedha zao wasidhulumiane. Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, nitaanza na hizo.